Anayesusa

Siku ya kumi na tisa, hajala.
Nahesabu ukutani kwa penseli, juu ya swichi,
kama fundi anayehesabu mifuko ya saruji:
dagaa, hapana. Kamba wa kusaga, hapana.
Kamba na kitunguu saumu, eti huamsha hamu:
alipita kando yake
kama mtu anayempita mdai wake sokoni.

Kitatange. Mwembamba kama sahani iliyosimamishwa,
manjano ya ndizi kisukari, utepe mweusi machoni,
mdomo kama koleo la fundi saa.
Nilimchukua yeye, na tangi lake, na pampu,
badala ya laki nne za friji tatu
nilizomtengenezea Mzee Ndekirwa wa gesti,
nikadhani nimepata faida.

Maji yake hupanda basi kutoka Tanga,
madumu sita kwenye buti, kila baada ya wiki mbili,
na kondakta hunitoza kama abiria.
Hapa Moshi bomba linatoa maji matamu,
wageni huyasifu kabla ya kuisifu chai;
kwake tone la maji hayo ni tusi.
Kipimo cha chumvi kikishuka nukta moja
nami nashuka.
Julai hii, baridi ya Kiboriloni ikipenya chini ya mlango,
hita inakula luku kuliko pasi;
sisi tuko ndani ya mablanketi mawili,
yeye yuko Tanga, nyuzi ishirini na sita.

Mama Ndeshi jirani huchungulia: "Mtamla lini?"
Namwambia hana nyama.
"Sasa mnamnyenyekea nini?"
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
huyu wangu, siku ya kumi na tisa,
bado namwandalia meza na kumwomba radhi.

Jana usiku Anaeli alisimama nyuma yangu.
"Kelvini alipogoma uji," akasema,
"hukuamka hata mara moja."
Sikujibu. Pampu ilinguruma kwa niaba yangu.
Akaniondolea kijiko mkononi,
akatwaa jiwe la matumbawe lenye vitundu,
akashindilia kamba kila kitundu kwa kidole gumba
kama anayeziba ufa,
akalizamisha nyuma kabisa, kwenye kivuli.
"Anayesusa hapewi. Huachiwa aibe.
Zima taa. Na acha kumkodolea macho."

Tukakaa, migongo yetu kwenye kioo,
watu wazima wawili, tukijifanya tunazungumzia ada ya shule,
na kweli tukaizungumza,
mara ya kwanza tangu Mei.

Kisha: tk.
Sauti ndogo kuliko ukucha juu ya meza.
Kimya. Tk.
Nikageuka upesi mno, na tochi ya simu.
Akatema.
Kipande kilishuka polepole, cheupe,
naye akakitazama kinavyoshuka
kama mtu anayefikiria bei.

Leo asubuhi nimeandika: ameonja, ametema.
Anaeli amepita na ndoo, akasoma,
akaitua ndoo, akachukua penseli,
na chini yake akaandika:
uligeuka.