Kwa E, Si kwa O

Halvorsen, nasema. Kwa e, si kwa o.
O ni kundi la damu yake, lile lenye foleni ndefu kuliko yote,
lakini jina lake ni kwa e,
na kadi mliyotutumia Novemba inamtaja mtu mwingine
ambaye, kwa mujibu wa kompyuta yenu,
ana figo mbili nzima.

Kinanda kinalia sikioni. Dakika arobaini.
Nimeegesha gari la theluji nyuma ya kituo cha mafuta,
sepeto la mbele limeinuliwa, taa ya manjano inazunguka bure,
tani sita za chumvi mgongoni.

Verna haruhusiwi chumvi.
Wala ndizi, wala viazi visivyolowekwa usiku kucha,
wala maji zaidi ya vikombe vinne, na supu ni maji,
na barafu ni maji.
Duluth yote hii ni maji yaliyoganda hadi upeo wa macho
naye ananyonya kipande kimoja
polepole, kama mtoto anayebania peremende.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: kiti cha saba, karibu na dirisha.
Usiku nikiweka kidole juu ya mshipa walioushona mkononi mwake
nahisi mvumo, nyuki ndani ya ukuta.
Wauguzi wanauita mvumo huo afya. Ukinyamaza, piga simu haraka.
Simu ipi?
Mlango wa friji yetu una nambari kumi na moja.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji.
Hapa huulizwa nambari ya kadi, tarehe ya kuzaliwa,
mwajiri wa mumewe, na kama uji huo
uliombewa idhini wiki mbili kabla ya njaa.

Barua ya kwanza: fomu haina sahihi ya daktari.
Ya pili: sahihi ipo, fomu ni ya mwaka jana.
Ya tatu ilianza na neno hongera.
Tukamimina juisi ya tufaha kwenye vikombe vya dawa, tukagonganisha,
kisha Verna akasoma mstari wa pili:
walikuwa wanatupongeza kwa kuwa wateja wao miaka kumi.
Alicheka mpaka akashika mbavu.
Mimi nilikwenda gereji, nikapanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa.

Na jina lake kwenye orodha?
Halijafutwa, bwana. Limelala tu, mpaka bima ithibitishwe.
Na figo ikija usiku jina limelala?
Kinanda.

Kisha sauti. Naitwa Twyla, nikusaidie nini?
Nikaanza upya: kwa e, si kwa o.
Akaandika. Akanyamaza. Nilisikia kiti chake kikikwaruza sakafu,
na akashusha sauti kama mtu anayeiba:
Ukurasa wa pili, kisanduku cha kumi na moja.
Usichape. Andika DHARURA kwa mkono, wino mweusi, utume kabla ya saa mbili.
Mimi sijakwambia.
Kisha kwa sauti ya kazini: kuna lingine?

Lipo, Twyla, lakini halina kisanduku.
Redio inaniita: mteremko wa Mesaba umekuwa kioo,
gari moja limeshageuka, jingine linateleza.
Figo haioti dukani. Hutoka kwa mtu
aliyeaga nyumbani kwake akisema narudi sasa hivi,
usiku kama huu, barabara kama hii,
na mimi ndiye mmwaga chumvi.
Kila mita ninayoimwagia

sitaimaliza sentensi hiyo.

Niliibana fomu kwenye kivuli cha jua, wino ukiwa bado mbichi,
nikaacha simu kitini ikichajiwa, uso juu.
Nikashusha sepeto.
Nikafungua mlango wa chumvi hadi mwisho,
nikapanda ule mlima taratibu,
nikashuka, nikaupanda tena.