Daftari la Kisima

Mimi ndiye mshika daftari.
Kurasa mia mbili, nyuma yake jedwali la kuzidisha,
kalamu imefungwa kwa uzi wa katani
maana kalamu hapa Mwitanga zina miguu.

Ndoo moja, shilingi hamsini.
Asiye nayo, naandika.
Hata asiyeniangalia usoni, naandika.

Alfajiri ndoo zimeshapanga foleni zenyewe,
wenyewe bado wamelala ndani ya tembe:
jiwe juu ya kifuniko ni mtu,
kandambili moja ni mtu,
kopo la rangi lisilo mkono ni Mama Sechelela,
na ole wake atakayelisogeza.

Maji yetu yana chumvi.
Mgeni akinywa hukunja uso.
Sisi husema, basi, ya mlenda hatununui.

Mwezi wa kumi mashine ikakohoa mara tatu,
ikanyamaza.
Fundi wa Kibaigwa akaifungua,
akapangusa mikono kwenye suruali yake mwenyewe,
akasema: beringi.
Laki moja na themanini, nauli yake bado.

Mwenyekiti akapiga filimbi.
Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta wa ghala,
kivuli kikisogea tunasogea nacho,
mkutano ukatembea hatua sita hadi ulipokwisha.

"Soma wadaiwa," akaniambia. "Kwa sauti."

Nikasoma.
Chidumizi Mgoli, elfu nne na mia mbili.
Kimya. Kisha sauti kutoka nyuma:
huyo ndiye aliyechimba kaburi la mwanangu
kwenye ardhi ya kiangazi, siku mbili, kwa sururu ya kuazima.
Nikasoma Wendo binti Madeje, elfu sita.
Wanawake wakaangaliana. Nani kati yao
hakuwahi kumshika mkono usiku, akisukuma?
Nikasoma mwalimu wa darasa la tatu.
Huyo alipe! wakasema wote, na yeye akacheka.
Nikasoma jina langu. Elfu moja mia tisa.
Nilikuwa nimeliandika kwa herufi ndogo.

Hakuna aliyenitetea.

Hapo hesabu ikaharibika.
Kila deni lilikuwa na deni jingine mgongoni.
Mwenyekiti akavua kofia, akachungulia ndani yake
kana kwamba jibu limeshonewa humo,
na mwishowe ni kofia hiyo iliyozunguka.
Mia tano. Elfu mbili
iliyokunjwa mpaka ikawa kidonge.
Debe la mtama. Kuku mmoja, mwekundu,
aliyetoroka kabla sijamwandika,
tukamkimbiza wote, wenye madeni na wasio nayo,
hata wale wawili wasiosalimiana
tangu ugomvi wa mpaka wa alizeti.
Mmoja alimziba njia, mwingine akamdaka.
Hawakusalimiana.

Siku kumi na moja tulichota korongoni.
Unafukua mchanga kwa bakuli, unangoja,
maji yanakuja polepole
kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.
Mbuzi nao walingoja. Foleni ilikuwa moja.

Beringi ilifika kwa pikipiki, imefungwa kwenye gazeti.
Mashine ilipowaka yakatoka matope,
kisha kutu, kisha yale yale ya chumvi,
na Mama Sechelela akaweka kopo lake mbele,
akasema "mbukwenyi,"
utadhani hakuna kilichotokea.

Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe.
Chidumizi alikuja wa nne. Ndoo mbili.
Hakuniangalia usoni.
Nikaandika: mbili, mia moja.

Daftari lina safu tatu tu,
jina, ndoo, deni.
La kaburi nimelitia pembeni,
kwa penseli,
na mkaguzi wa wilaya akija akiniuliza
hiyo siku mbili ni ya nini,
sijui bado nitamwambia nini.