Mkanda Uliookotwa

Kwa Ambakisye, nyuma ya soko la Tukuyu,
benchi la mbao, shilingi mia tatu,
mvua inapiga bati hata mtafsiri hasikiki,
tumewatazama vijana wanne wakiingia msituni na kamera.
Hawakurudi. Kamera ndiyo iliyorudi.
Ndivyo filamu hizi zilivyo:
mtu hapatikani, macho yake yanaokotwa.

Nazipenda, sikatai.
Napenda picha chafu, mkono usiotulia,
pumzi iliyo karibu kuliko ya Tumpe, jirani yangu benchini,
aliyejifunika kitenge akichungulia kwa tundu.
Hakuna ngoma ya kukuonya: haya, sasa ogopa.
Hakuna sura maarufu ya kukutuliza kwamba huyu hafi.
Wanagombania ramani na biskuti kama sisi,
na kule nyuma, pembeni, kitu kimesogea
au hakikusogea.

Lakini jamani.
Nusu saa nzima tunatazama viatu.
Gwakisa alitoka nje kutapika, akarudi,
akakuta bado ni viatu.
Na nani aliyeuunga mkanda,
akakata hapa, akabandika pale, akaandika tarehe pembeni?
Jini lenyewe?
Halafu mwisho: ukelele, nyasi, giza.
Watu wakadai hela zao.
Tumpe ndiye aliyeuliza la maana:
"Mtu anakimbiza roho yake, kamera ya nini?
Si aitupe!"
Tulicheka mpaka Ambakisye akazima jenereta.

Nikashika njia ya mashamba ya chai, peke yangu.
Ukungu umelala, huoni hata kidole chako.
Nikawasha taa ya simu, chaji asilimia tisa,
na dunia yote ikawa duara:
tope, jani la mgomba, tope.
Kila hatua, duara likaruka.
Nje ya duara kitu kikakohoa.
Ng'ombe, nikajiambia. Ng'ombe hukohoa.
Nikatoka mbio,
na mkono wangu, mbele yangu, haukushuka.
Hapo, Tumpe, nikalipata jibu lako
pasipo na wa kumwambia:
haitupi kwa kuwa ndiyo taa.
Akiitupa, atabaki na yale yote
ambayo hayakuingia kwenye picha.

Asubuhi nikagundua nilibonyeza vibaya.
Dakika kumi na moja za tope na pumzi,
na mtu anaimba wimbo wa kanisani,
sauti ya tatu, ameipoteza kabisa.
Sikumbuki kuimba.
Nikampelekea Ambakisye. Akautazama wote
huku anamenya ndizi.
"Hamna kitu humu," akasema.
Kisha akaurudisha nyuma, dakika ya saba,
pale penye kikohozi,
akaiweka ndizi chini,
akavuta benchi.