Meno ya Tembre

Shangazi Cibalonza alikuwa na bustani mbili.
Moja iliteremka nyuma ya nyumba, pale Nguba,
udongo mwekundu ukiteleza kila mvua ilipokumbuka deni lake:
lengalenga, dalia tatu, na mparachichi
uliomzalia jirani tu.
Ya pili ilikaa ndani ya kopo la biskuti,
stempu mia nne na kitu (yeye alisema tembre)
zimelala katikati ya karatasi za nta,
na mtu haruhusiwi kupiga chafya karibu yake.

Miaka kumi na tisa alikuwa dirisha la pili la posta.
Aligonga mihuri mpaka barua zikaacha kuja.
Mizani ya vifurushi mkuu wa posta akaibeba kwake,
ikawa inapima maharage.
Shangazi akabaki na mizani ya aina nyingine.

"Tazama," aliniambia, tembre kwenye ncha ya kidole,
"hii ina meno, na mstari una meno. Hesabu.
Nane huku, nane kule.
Likitoka moja, shairi lako kibogoyo."
"Na maana, shangazi?"
"Maana itakuja yenyewe ikinusa chai."

Basi tukachuchumaa kati ya dalia,
yeye akisema, mimi nikihesabu kwa kuchuma majani:

*Konokono ni tarishi, barua ameimeza,*
*Okapi mla ubishi, dalia anailaza,*
*Sisimizi ni mpishi, bahasha anaunguza,*
*Na jongoo kwa utashi, miguu anaiuza.*

Nilicheka mpaka lengalenga zikanikuta chali.
Bei gani mguu mmoja? Kwa jozi au kwa kilo?
Siku iliyofuata nikamletea ubeti wangu,
juu ya baba aliyekwenda Shabunda na kunyamaza.
Meno yote yalikuwepo. Akausoma mara mbili.
"Huu una maana," akasema polepole,
"uweke mahali pakavu."
Akaufunika ndani ya kopo, chini ya tembre zote.

Mwezi wa nne paa likavuja juu ya kopo.
Tukazitandaza mia nne na kitu kwenye majani ya kana,
wafalme wawili, ndege wasiojulikana, treni,
chui, tumbili, okapi wake mmoja aliyempenda,
na ubeti wangu ukingoni, wino umekimbia.
Giza likaingia, tukasahau zilizokuwa upande wa ukuta.

Asubuhi nilimkuta konokono juu ya okapi.
Kichwa kilikuwa kimekwisha. Shingo nayo nusu.
Nyuma yake njia ya ute iling'aa, imepinda mara moja
kama sahihi ya karani mvivu.
Nikalia. Nikatafuta jiwe.
Shangazi alitazama konokono, akatazama okapi,
midomo ikamcheza, kisha akaketi kwenye tope
na kitenge chake cha kanisani,
akacheka mpaka jirani akatoa kichwa juu ya ua.
"Ameimeza!" akapiga magoti kwa viganja. "Tarishi ameimeza!
Maana hiyo imefika, mwanangu. Kimbia, teleka chai."

Na konokono bado anatafuna, akaongeza:

*Kinyonga yupo dukani, anauliza rangiye,*
*Chui yuko bahashani, kamwandikia mamaye,*
*Parachichi la jirani, limeapa kwa kokwaye,*
*Na sisi tuko foleni, twamngojea ajaye.*

Hapo kwenye foleni sauti ilimkwaruza kidogo.
Hakueleza. Nami nilikuwa nahesabu.

Kopo sasa ninalo mimi. Okapi asiye na kichwa
analala juu ya wenzake wote, ana haki hiyo.
Ubeti wangu haukukauka vizuri;
limebaki doa la buluu lenye umbo la ziwa, au la kiatu.
Mparachichi bado unamzalia jirani.

Jana jioni, baada ya mvua, yuko mmoja kwenye ukuta,
pembe nje, hana haraka na dunia.
Nikaanza: *Konokono, karibu.*
Nikahesabu. Saba.
Nikarudia kwa vidole, saba tena.
Nikauacha na pengo lake,
nikaenda jikoni kuona kama maji yamechemka.