Saa Sita

Maabara namba mbili, mashine ya kumi na nne.
Nje, Chumbageni inakauka baada ya mvua.
Mwanafunzi ni Rukia Shekiondo, mwaka wa tatu,
ana jedwali la mkonge:
urefu wa jani, uzito wa singa, mvua ya Machi,
mistari mia nane aliyoipima kwa mkono wake,
na programu ya takwimu kwenye flashi
iliyofungwa kwa utepe wa khanga.

"Fundi, imekataa."

Mimi ndiye fundi. Mkataba wa miezi sita.
Vumbi nafuta, karatasi zikikwama nazichomoa,
ila neno la siri la msimamizi sina.
Linakaa Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
kichwani mwa Bwana Kilua
anayeugua jino.

Kwenye kioo pameandikwa kwa adabu ya karani:
Huna ruhusa. Wasiliana na msimamizi wako.
Adabu hiyo naijua.
Ni ile ya dirisha la malipo saa tisa na nusu.

Nikampigia. Akanitajia herufi moja moja,
shavu limejaa pamba.
"Kubwa. Siyo hiyo. Alama ya mshangao. Moja tu!"
Nikaandika, nikafuta, nikaandika.
Ikakubali. Mstari wa kijani ukatambaa
kama jongoo asiye na miadi, ukafika mwisho.
Rukia akapiga kofi moja, dogo.
Tukazima, tukawasha.

Haipo.

Ikoni haipo, folda haipo, hata kivuli.
Mashine hizi zimegandishwa:
kila zikiamka ni siku ile zilipotoka kwenye boksi,
na tulichozifundisha jana zinakikana.
Waja leo, waondoka leo.
Tanga tunawatania wageni hivyo;
sikujua kuna aliyeuandika msemo
ndani ya diski.

Kilua, kwa simu: "Iyeyushe kwanza,
kule kwenye seva. Sakinisha. Kisha igandishe tena."
Nikaingia kwenye seva, nikaitaja mashine kwa jina.
Kumi na tatu anaijua. Kumi na tano anaijua.
Kumi na nne: haiaminiki.

Nikachomoa waya, nikapuliza tundu.
Nikabadilishana waya na jirani.
Nikaitoa kwenye mtandao, nikairudisha,
ikatolewa nje kama mpwa mlevi harusini.
Rukia hakusema kitu. Alihesabu siku kwa vidole
chini ya meza, akidhani simwoni.

Nikatazama kona ya chini, kulia.
Saa tano na dakika kumi na mbili.
Nikatazama ukutani. Saa tano na dakika kumi na mbili.
Zimelingana, nikaridhika, nikarudi kwenye nyaya.
Kisha mkono ukasimama wenyewe.

Kwetu, ndiyo, saa tano: chai imeshanyweka, jua limepanda.
Kwa seva ni kumi na moja.
Maskini mashine ilikuwa bado alfajiri,
inabisha hodi na hati iliyochelewa saa sita,
na seva hasamehe zaidi ya dakika tano.

"Nani aligusa saa?"
"Mimi, mwanangu," akasema Bi Mwanshehe wa mitihani,
mikononi ana rundo la bahasha.
"Wiki ya majaribio. Betri ilikufa, ikadai ni mwaka elfu mbili na tisa.
Nikaingia kule kwenye buluu kabla haijaamka,
nikaiwekea saa ya haki."

Saa ya haki! Nilitafuta la kumjibu, sikulipata.
Nani huianza siku usiku wa manane,
watu wote wamelala?
Nikaisogeza mbele saa sita
kama ninayemlaghai mtu wa nyumbani.

Seva akaitikia.
Tukayeyusha, tukasakinisha, tukagandisha,
tukazima, tukawasha,
Rukia ameziba macho kwa ncha ya mtandio.

Ipo.

Jani la kwanza likaingia: sentimita tisini na saba.
Daftari la matengenezo lina safu ya chanzo cha tatizo.
Nikaandika "saa". Nikaona haitoshi, nikaiacha.

Ya ukutani sikuigusa.
Adhuhuri iligonga mara sita,
tukaenda kula.