Nyuzi

Mezani kwa mama, Kiwalani, pana vitambaa vya sare ya kwaya,
na ramani yangu imelala chini yake kama bitana.
Ananisogezea chaki. Namsogezea mkasi.
Tumegawana taa moja,
na umeme ukikatika tunagawana giza,
yeye akishona kwa kupapasa, mimi nikihesabu kwa kinywa.

"Kasi ya ndege, noti mia na ishirini," nasoma.
"Upepo wa ubavuni, noti ishirini."
"Noti mia na ishirini!" Mama hacheki, anang'ata uzi.
"Ningekuwa nazo, kwaya ingejishonea yenyewe."

Siendi kuwa rubani. Hilo nimelieleza mtaa mzima
na mtaa mzima umekataa kuelewa.
Nitakaa nyuma yake na penseli,
mwelekezi: yule anayesema tuko wapi
wakati dirishani hamna kitu ila weupe.
"Yaani utingo," akasema Mudhihiri kinyozi.
Nikakubali. Utingo wa mawingu.

Ndiye aliyeniazima kiti chake.
Kila Jumatatu, siku ambayo vichwa ni haba,
ananizungusha mara ishirini kushoto, kisha ghafla kulia,
na mdogo wangu Mbonea anapiga kelele mlangoni:
Saba mara kumi na tatu!
Tisini na moja.
Mia na themanini toa arobaini na sita!
Mia na thelathini na nne, nasema, halafu natapika
kwenye ndoo ya nywele za watu.
Wiki ya tano sikutapika.
Mudhihiri akanipa soda,
akaiandika kwenye deni la mama.

Alfajiri nakimbia kando ya reli hadi Vingunguti,
hadi pale harufu ya machinjio inaponigeuza.
Ndege zinashuka juu ya mabati yetu, magurudumu nje.
Zamani nilizipungia mkono.
Siku hizi nazikagua: huyu pua imekaa upande,
kuna upepo huko ambao sisi wa chini hatujaambiwa.

Kitabu kinasema kaskazini ziko mbili,
ya kweli na ya sumaku.
"Na mnafuata ipi?"
"Ya sumaku, mama. Ila unaikumbuka ya kweli."
"Kama ndoa," akasema, akakanyaga cherehani kwa nguvu.
Hatukumtaja baba.

Usiku mwingine nilimsomea ile ya maili sitini:
ukikosea uzi mmoja tu, ukazienda zote,
utajikuta maili nzima pembeni ya ulikotaka.
Akasimamisha gurudumu kwa kiganja.
"Mimi nikikosea uzi, nafumua.
Wewe huko juu utafumua nini?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Maana mimi ni yule yule niliyepotea Buguruni
na gauni la bibi harusi kwenye mfuko wa rambo,
saa nzima, nikiupita msikiti mmoja mara tatu
na kuusalimia kila mara kama mgeni.
Bibi harusi aliolewa na gauni la dada yake.
Fomu ya jeshi iliuliza macho, masikio, uzito, meno.
Buguruni haikuulizwa.

Kesho saa kumi na mbili natakiwa getini, Ukonga.
Fulana sita ziko begini, kila moja
imedariziwa jina kwa uzi mwekundu, N. MBWAMBO,
na kwenye ya sita herufi zimepinda,
naona alikuwa amechoka, au sijui.
Nimechora njia kwa chaki yake juu ya meza:
uchochoro wa Mudhihiri, reli, barabara kubwa, geti.
Dakika sabini na mbili kwa miguu, tope likiwemo.

Mama ameinama juu ya hesabu yangu,
miwani puani, pini mdomoni.
"Ongeza kumi," anasema bila kuzitoa.
"Kitambaa hakikatwi sawa na mwili."

Nikafuta kwa kidole.
Themanini na mbili.