Limau Limeisha

Pesa ya korosho iliingia Alhamisi,
mnada wa pili, chama kimeshakata chake.
Mama mkwe akasema, "Kabla sijafa
nizionje hizo tambi za supu za mjini."
Bi Somoe Likapa hajawahi kuniomba kitu,
hata chumvi.
Kesho yake tukashuka stendi, Masasi,
yeye na doti mpya ambayo bado inanukia duka.

Mlango wa kioo. KARIBU, kwa herufi nyekundu,
ila K imebanduka, na R imeifuata.
Yeye, aliyejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo,
akasimama, akaunganisha polepole:
"A... ibu."
Tukacheka. Tukaingia.

Dakika arobaini.
Binti wa kuhudumia anapita kama upepo wa feni mbovu,
unausikia, haukufikii.
Mnunuzi mmoja kaingia nyuma yetu,
kala, kachokonoa meno, kaondoka.
"Samahani, dada."
"Nakuja, mama."
Nakuja ile ilipitia Newala, ikalala Tandahimba.

Kisha bakuli.
Mafuta yameganda juu,
tambi zimevimba, zimelala, hazina wa kuziamsha.
Nyama kipande kimoja, cha ushahidi.
"Limau?" Limeisha.
"Pilipili?" Imeisha.
"Kijiko?" Kipo, kinaoshwa.
Elfu nane kila bakuli. Hiyo haijaisha.

Mama mkwe hakunung'unika.
Alivuta uzi mmoja wa tambi,
akauinua hadi usawa wa macho
kama mtu anayetafuta tundu la sindano,
akaurudisha taratibu alikoutoa.
"Huyu binti," akaninong'oneza, "kala kitu tangu asubuhi?"

Nilikuwa nimeshayapanga maneno yangu, makali, kwa mstari.
Nayo yakaisha.
Chenji ilipungua mia tano. Hiyo niliidai.

Nje, ubavuni mwa benki, mama mmoja
anauza ming'oko ya moto kwenye sinia la bati,
chumvi na pilipili ya kusaga pembeni, juu ya gazeti.
Mia tano ile ile.
Tukamenya tumesimama, vidole vinaungua,
Bi Somoe akigeuka geuka kuutazama ule mlango,
midomo ikisoma bila sauti.
"Zile herufi," akasema akitafuna,
"wasizirudishe."

Lakini alishafunga ming'oko minne kwenye karatasi,
akavuka barabara,
akausukuma mlango kwa bega.